Sio kila shida ni mateso ya imani
Jamani hapa Dar mtu akifukuzwa kazi utasikia napigwa vita kwa sababu nimeokoka, kumbe kila siku alikuwa anafika saa nne. Petro kwenye waraka wake wa kwanza, sura ya 4, katenganisha kabisa, ukiteseka kwa wizi au kwa kujiingiza kwenye mambo ya watu hiyo ni yako, ila ukiteseka kwa kuwa Mkristo usione aibu. Muuzaji wa duka Kariakoo akigoma kuandika risiti ya uongo bosi akamtoa, huyo ndo kateseka kwa imani, na inauma kweli maana kodi ya chumba haisubiri.

Na wale wanaosema ukiteseka huna imani, Paulo alichapwa viboko 39 mara 5, naye hakuwa na imani? Ila pia hakuyatafuta mateso, kule Dameski alishushwa ukutani ndani ya kapu akakimbia.