Mche Mkononi, Shamba la Nani? Wanawake na Vilima vya Pemba

Pemba haina mlima. Vilima vyake havifiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari, na aliyewahi kuuona Kilimanjaro wenye mita 5,895 atatucheka akisikia tunaadhimisha Siku ya Kimataifa ya Milima, ile ya kila tarehe 11 Disemba tangu 2003. Na acheke. Mvua ya masika haiulizi kilima kina urefu gani. Ikikuta mteremko mtupu, huondoka na udongo wake, uwe wa Himalaya au wa Mkoani, Pemba. Kaulimbiu ya siku hiyo mwaka 2022 ilihusu wanawake, na kwa upande huo Pemba ina mengi ya kusema.

Anayeijua njia ya Chake Chake kwenda Wete hahitaji ramani: unapanda, unashuka, unapanda tena. Juu, kwenye udongo mwekundu wa kinongo, imesimama mikarafuu na minazi. Ubavuni mwa kilima kuna muhogo na migomba. Chini bondeni ni kinamo, udongo mzito unaoshika maji, na hapo ndipo pa mpunga. Mabonde mengi huishia kwenye mikoko, kisha bahari. Anayeipita njia yote hiyo kikazi, tena mara nyingi ndani ya siku moja, ni mwanamke. Kuni anazitafuta juu, maji anateka kwenye chemchemi chini ya kilima, mpunga anaupalilia bondeni, na siku za bamvua maji yakitoka huteremka pwani kuchokoa pweza na kuokota chaza.

Ndiyo maana yeye huwa wa kwanza kuona mambo yanapoharibika. Majani na takataka za miti hupunguza nguvu ya matone, na mizizi huufungua udongo maji yakazama. Maji yaliyozama hushuka taratibu na kutokea chini kama chemchemi miezi kadhaa baada ya mvua kukatika. Mteremko ukiachwa wazi, maji hayo hayo hupita juu juu kwa kasi. Masika bonde linafurika, kiangazi kisima kinakauka, na watu wanaulizana imekuwaje wakati mvua ya mwaka huu ilikuwa nyingi. Mchanga ulioshuka nao hukilalia kinamo, na mpunga ukiota juu yake huwahi kukosa maji. Tope jepesi huendelea hadi mikokoni. Mchu, mmoja wa mikoko, una vijizizi vya kupumulia vinavyochomoza juu ya tope, na vikifukiwa vyote mti hufa. Kwa hiyo shamba lililofyekwa vibaya juu ya kilima linaweza kumharibia kazi mama anayetafuta chaza, ambaye pengine hata mwenye shamba hamjui.

Wanawake wa milimani wamelijua hili siku nyingi. Katika Himalaya ya India, mto Alaknanda ulifurika vibaya mwaka 1970 na kuleta maafa makubwa, na wenyeji waliyahusisha na ukataji wa misitu ya juu. Tarehe 26 Machi 1974 wakataji walifika msitu wa kijiji cha Reni siku ambayo wanaume walikuwa wameitwa mjini kufuatilia fidia. Gaura Devi akatoka na wanawake na wasichana wapatao 27, wakasimama baina ya miti na mashoka mpaka wakataji wakaondoka. Kenya, Wangari Maathai alianza mwaka 1977 kwa miche saba tu katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, baada ya kuwasikiliza wanawake wa vijijini wakilalamika kuwa vijito vinakauka na kuni ziko mbali. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Habari hizo husimuliwa sana. Isiyosimuliwa sana, na mimi naiona ina faida zaidi kwetu, ni ya Uluguru, milima inayoupa maji mto Ruvu unaotegemewa na Dar es Salaam. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Udongo wenye rutuba katika miteremko ile ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia huo na kuleta juu usio na kitu. Wakulima wakaona mavuno hayalingani na jasho, na mwaka 1955 zikazuka ghasia, mpango ukaachwa. Waluguru ni watu wa ukoo wa kuukeni, yaani wa upande wa mama, na ardhi yao hufuata ukoo huo. Wanawake wale, wenye jembe na wenye ardhi, walikuwa na la kusema kuhusu udongo wao kabla ya amri kutolewa.

Kwetu kosa kama hilo, la kutomuuliza mwanamke kwanza, lina sura nyingine. Zanzibar, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe mbalimbali. Ardhi iliwekwa mikononi mwa serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, lakini mikarafuu na minazi mtu huimiliki na kuirithisha. Mti wa kudumu umekuwa ushahidi wa haki. Mwanamke akiazimwa kipande chini ya mikarafuu ya mtu, ruhusa ni ya muhogo, kunde, viazi. Mche wa kudumu hapana, kwa sababu kesho utaleta maneno.

Sasa linakuja gari la miche. Hotuba zinatolewa, picha zinapigwa, kila mama anarudi kwake na miche yake. Ataipanda wapi? Inakaukia uani karibu na kisima, kisha ripoti inaandikwa kwamba wanawake hawana mwamko. Wenzangu wa misitu na kilimo, tuuondoe msemo huo katika ripoti zetu. Swali la kwanza, kabla ya kuhesabu miche, liwe shamba ni la nani na mti utakuwa wa nani.

Majibu yapo. Wapo wanawake wenye mikarafuu ya urithi ambayo kaka au ami ndiye anayeisimamia, na hawa wanachohitaji ni mgawanyo uliokwishafanywa kisheria uandikwe na ujulikane. Asiye na urithi aelewane na mwenye mikarafuu mbele ya sheha, kiongozi wa shehia, kwa maandishi, kwamba miti ya kukinga mteremko haitadaiwa na aliyeipanda, au matunda yake yatagawanywaje. Misitu ya jamii nayo ina njia yake: Sheria Namba 10 ya 1996 inaruhusu wanajamii kufunga mkataba na serikali wa kuusimamia msitu wao, na kwenye kamati hizo nafasi ya mwanamke iwe ya kuamua, isiwe ya kupika chai ya kikao.

Ipo pia njia isiyogusa umiliki hata kidogo, nayo ni nyasi. Mchaichai si mti, hakuna atakayeufungulia kesi, na majani yake yanauzika. Ukipandwa kwa mstari unaofuata usawa wa kilima, yaani usiopanda wala kushuka, hukamata udongo na kupunguza kasi ya maji. Kupata usawa huo kunataka miti miwili iliyonyooka ya mita mbili, ifungwe ikutane juu, na wa tatu ulazwe katikati kama herufi A. Ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka juu. Simamisha miguu ya hiyo A kwenye vigingi viwili, tia alama uzi unapoukata mti uliolala. Geuza, mguu wa kushoto uende kulia, tia alama nyingine. Nusu ya njia baina ya alama hizo ndiyo usawa. Tembea na hiyo A ubavuni mwa kilima, na kila uzi unapotulia pale pa nusu, chomeka kijiti kwenye kila mguu. Mstari utapinda, uache upinde. Panda mashina chini ya shubiri moja kutoka moja hadi jingine, na mteremko ukiwa mkali, mistari isogeleane zaidi. Wakati wa kuvuna kata majani tu, shina libaki ardhini.

Mvua za masika huanza Machi, kwa hiyo vijiti viwe vimekwishachomekwa Februari. Mazungumzo na mwenye mikarafuu yatangulie, tena afadhali yafanywe msimu wa uchumaji, maana wenye mashamba wengine huonekana shambani wakati huo tu.