Fukusi wa gugumaji hawahamii kwenye migomba
Mkoani Kigoma, ambako mkulima wa Kasulu au Buhigwe anamjua vizuri fukusi anayetoboa shina la mgomba, si ajabu kusikia kwamba fukusi walioachiwa Ziwa Victoria miaka ya 1990 ili wale gugumaji, yaani gugu linaloelea majini, watavamia mashamba gugu hilo likiisha. Hofu hiyo inaeleweka, kwani jina ni moja. Wadudu wenyewe ni spishi tofauti.

Fukusi wa gugumaji, ambaye asili yake ni Amerika Kusini kama gugu lenyewe, ana urefu wa takribani milimita 5. Mpevu hukwangua jani na kuacha vidoa vya kahawia, na buu wake hutoboa kikonyo akishuka hadi kwenye moyo wa mmea, kisha hujifunika kifuko kwenye mizizi hai inayoelea majini ili ageuke kuwa mpevu. Mgomba hauna mizizi ya namna hiyo, kwa hiyo hata akitua juu yake hawezi kuzaliana. Tena gugu halitoweki kabisa: likipungua, fukusi nao hufa njaa na kupungua.

Wapo wanaotoa mfano wa chura aliyepelekwa Australia mwaka 1935 kula wadudu wa miwa, akageuka balaa. Mfano huo ni wa kweli, ila chura yule hula karibu kila kinachomwenea mdomoni, ilhali fukusi huyu aliwekwa kwanza kwenye mimea mingi mingine, ionekane kama ataila na kuzaliana, ndipo akaachiwa.