Mbwa amesusa ugali: kabla hujampa nyama mbichi

Mbwa wangu, Chui, alisusa ugali siku ya Jumanne. Alinusa sufuria, akanusa tena, akageuka na kwenda kulala chini ya mwembe. Jumatano ikawa vilevile. Jirani yangu, ambaye amefuga mbwa miaka mingi kuliko mimi, alimwangalia akasema, "Huyo anadeka tu. Mpe nyama mbichi uone." Nikaenda buchani kuomba nyama ya mbwa, nikapimiwa kilo moja ya masalia: mapafu, ngozingozi, vipande vya koo. Chui alikula kama hajaona chakula mwezi mzima. Nikalala na furaha. Siku mbili baadaye akaiacha hata hiyo nyama.

Daktari wa mifugo hakuanza kwa kuuliza anakula nini. Alimfunua mdomo akanionyesha ufizi. Ufizi wa mbwa mwenye afya una rangi ya waridi. Ukiubonyeza kwa kidole unakuwa mweupe, ukiachia rangi inarudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Wa Chui ulikuwa mweupe kama donge la unga kabla hata haujaguswa. Joto lake lilikuwa 40.3, wakati kawaida ya mbwa ni kama 38.3 hadi 39.2. Ilikuwa homa ya kupe, ambayo humaliza damu. Alimeza vidonge vya doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, siku 28, na alipopona alirudia ugali na dagaa wake bila kubembelezwa na mtu.

Tangu hapo kila anayefuga mbwa mtaani huniuliza habari ya nyama mbichi. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara, na haya ndiyo ninayoyajibu.

"Akisusa ni kudeka, mbadilishie chakula"

Kudeka kupo, sikatai. Mbwa ambaye kutwa nzima watoto wanamrushia vipande vya chapati na maandazi, jioni atasusa kwa sababu ameshiba. Vitafunwa vya namna hiyo visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Joto kali nalo hupunguza hamu ya kula.

Lakini mbwa aliyekuwa anakula vizuri akaacha ghafla ana neno anakuambia. Huenda jino limevunjika, huenda ni minyoo, figo, au kupe kama ilivyokuwa kwangu. Mbwa mkubwa anaweza kuruka mlo mmoja asidhurike. Siku nzima ikipita hajagusa kitu, au akiwa mnyonge, anatapika, ufizi umepauka, mpeleke kwa daktari. Mtoto wa mbwa usimsubirie hata hiyo siku nzima.

Na hapa ndipo nyama mbichi ilipoponza. Harufu ya damu ina nguvu, hata mbwa mgonjwa huivamia wakati ugali ameshauacha. Kwa hiyo niliposema "mbona anakula!" nilikuwa naficha ugonjwa kwa mkono wangu mwenyewe. Siku mbili zile zilimpunguzia Chui damu ambayo hakuwa na ya kupoteza.

"Mbwa ni mbwa mwitu, na porini hakuna jiko"

Lugha yetu yenyewe inatuchanganya hapa. Mbwa mwitu tunayemjua sisi, yule wa mabaka wa Serengeti na Selous, si babu wa mbwa wa nyumbani. Mbwa wetu wametokana na mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, na wameishi na binadamu zaidi ya miaka 10,000 wakila makombo yake. Makombo hayo yaliwabadilisha hadi ndani ya chembe za mwili. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga. Mbwa mwitu wa kijivu huwa na mbili, mbwa wengi wana kuanzia nne hadi thelathini. Ugali uliopikwa vizuri, wali na viazi si adhabu kwa mbwa. Anavimeng'enya.

Tena mnyama wa porini hula windo likiwa bado na moto wa mwili. Nyama ya bucha imechinjwa alfajiri, ikapanda pikipiki, ikaning'inia mchana kutwa, na masalia ya mbwa ndiyo huachwa chini ya meza. Hizo ni nyama mbili tofauti.

"Maini na mapafu yaliyotupwa machinjioni yanamfaa mbwa, ni ya bure"

Hili naomba ulisome polepole.

Umewahi kuona ini la mbuzi au kondoo lenye vifuko vyeupe, ukikichoma kimoja yanaruka maji safi? Mkaguzi wa nyama huyakata na kuyatupa. Ndani ya vifuko hivyo mna vichwa vya tegu mdogo anayeitwa kitaalamu Echinococcus. Mbwa akila ini hilo bichi, tegu hukua ndani ya utumbo wake, urefu wa milimita chache tu, hivyo hutamwona kwenye kinyesi kama wale tegu wakubwa. Baada ya wiki sita hivi anaanza kutoa mayai. Mbwa mwenyewe hakondi wala haharishi; anacheza kama kawaida. Mayai yanashika kwenye manyoya, kwenye udongo, kwenye mboga, na mtoto anayemkumbatia mbwa kisha akala bila kunawa anayameza. Vifuko vilevile vya maji vinaota kwenye ini au mapafu ya mtu, vinakua taratibu kwa miaka bila maumivu, hadi tumbo linapovimba na kulazimu upasuaji.

Ugonjwa huu, hidatidi, si wa mbali. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilikuwa na kiwango cha wagonjwa kati ya vikubwa kabisa vilivyowahi kupimwa duniani, na mwaka 1983 shirika la afya la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti: upasuaji, dawa, na kuwatibu mbwa tegu. Kule mbwa analala na familia, maji ni ya shida, na mnyama anachinjwa nyumbani, utumbo na maini vikiangukia mbwa. Kwa jamii za Wamaasai pia umeonekana, kwa watu na kwa mifugo. Angalia vizuri mazingira hayo kisha angalia uani kwako siku ya Iddi au Krismasi, mbuzi anapochinjwa na mbwa wakisubiri.

Sufuria ya maji yanayochemka inalimaliza jambo hili. Ini likiiva hadi katikati, tegu amekufa. Lile lenye vifuko vingi lichome au lizike kwa kina ambacho mbwa hawezi kulifukua.

"Nyama ikilala kwenye friza, vijidudu vyote vimekufa"

Baridi huwalaza tu bakteria. Salmonella huamka nyama ikiyeyuka. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipima sampuli 196 za chakula kibichi cha mbwa na paka kilichonunuliwa mtandaoni kati ya 2010 na 2012, kingi kikiwa kimegandishwa: 15 zilikuwa na Salmonella, na 32 zilikuwa na Listeria, bakteria mwingine. Hicho ni chakula cha kiwandani chenye lebo. Mbwa mzima mara nyingi haugui, ila anabeba vijidudu na kuvimwaga kwa kinyesi na mate, na wanaoumia ni mtoto mchanga, mjamzito, mzee na mtu ambaye kinga yake imeshuka.

"Nyama mbichi humfanya awe mkali kwa wezi"

Haimfanyi. Ukali wa mbwa unatokana na hofu, mnyororo, fimbo, na jinsi alivyokutanishwa na watu alipokuwa mdogo, hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14. Atakayenguruma akilinda mfupa wake analinda mfupa, halindi geti.

"Nyama tupu ndiyo mlo kamili"

Kosa hili linawaumiza zaidi watoto wa mbwa wa mbegu kubwa, na wenye kulitenda ni watu wanaowapenda na wenye uwezo. Mnofu una fosforasi mara kumi na zaidi ya kalsiamu, ilhali mbwa anahitaji kalsiamu ipite fosforasi kidogo. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye sahani unaichota kwenye mifupa. Nimemwona mtoto wa mbwa wa miezi minne, mnene, manyoya yanang'aa, miguu ya mbele imepinda kama upinde na hataki kusimama. Alikuwa analishwa steki.

Vipande vya koo navyo vina lake: tezi ya shingo mara nyingine hubaki humo, na mbwa anayelishwa koo mbichi kila siku anaweza kukonda na moyo kwenda mbio kwa homoni za ng'ombe. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka vipande vyenye ncha. Mifupa mibichi haipasuki hivyo, ila huvunja meno na kuziba utumbo.

"Basi ugali ni salama, hata wa unga ulioharibika"

Unga wenye ukungu haumfai mtu, na mbwa ndiyo kabisa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, huharibu ini lake, na dalili mojawapo ya mwanzo ni hiyohiyo ya kususa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, kwa hiyo hapa moto hautusaidii. Mwaga.

Siwezi kukudanganya kwamba nyama haina faida. Mbwa anaipenda, na choo chake kinakuwa kidogo na kikavu. Chui sasa anapata nyama mara nne kwa wiki, imechemshwa bila kitunguu wala chumvi, imechanganywa na ugali laini, karoti, na dagaa wakavu wa ziwani ambao wanaliwa na mifupa yao. Akiusikia mfuniko wa sufuria anakuja mbio.

Na kama bado umeamua kumpa mbichi, basi maini na mapafu yabaki nje ya orodha. Mpe dawa yenye prazikwanteli, ileile inayotibu kichocho kwa watu, kila baada ya wiki sita kwa uzito utakaopimwa na daktari. Dawa nyingi za minyoo za dukani hazina kitu hicho, soma pakiti. Kisu na ubao wake viwe vyake peke yake, bakuli lioshwe mara anapomaliza, kinyesi kizikwe, na kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, subiri kwanza mtoto akue.