Waromania na asili ya Kiirani: kipi ni kweli na kipi kimeongezwa chumvi

Swali hili limekuwa linatufikia sana siku za karibuni na linakuja kwa sura tofauti tofauti, eti Waromania ni Waajemi waliopotelea Ulaya, eti Wadaki wa kale, yaani wenyeji wa Romania kabla ya Warumi, walikuwa ndugu wa mfalme Dario wa Uajemi, eti hii habari kwamba Waromania wametokana na Warumi ilipachikwa tu na wanasiasa baadaye. Mimi nafundisha historia ya kale ya Ulaya mashariki na ukanda wa Bahari Nyeusi, na idara yetu imeniomba nilielezee hili kwa lugha ya kawaida ili kila mtu aelewe, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe na istilahi.

Niseme mapema ninavyoona. Watu waliozungumza lugha za Kiirani waliishi kweli kwenye ardhi ya Romania ya leo, tena kwa mamia ya miaka, na alama zao zipo. Ila kutoka hapo mpaka kusema taifa zima la Waromania limetokana nao, hapo ushahidi unagoma kabisa.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja maana ndo unaozaa makosa mengi. Mtaalamu akisema "lugha za Kiirani" hamaanishi Tehran wala nchi ya Iran, anamaanisha familia ya lugha, kama tunavyosema lugha za Kibantu. Mzulu na Msukuma lugha zao ni za familia moja ila hamna mtu anayesema Mzulu katoka Mwanza. Sasa kwenye hiyo familia ya Kiirani kuna Kiajemi, kuna Kikurdi, kuna Kipashto cha Afghanistan, na zamani zilikuwepo pia lugha za wafugaji wa farasi waliozunguka kwenye nyika kubwa ya kaskazini mwa Bahari Nyeusi, kuanzia Ukraine ya leo mpaka Kazakhstan huko, watu ambao hawakutokea nchi inayoitwa Iran leo. Hao ndo Waskithi, Wasarmati na Waalani. Lugha zao zimekufa karibu zote, iliyobaki hai upande huo ni Kiosetia kwenye milima ya Caucasus. Kwa hiyo ukisikia "asili ya Kiirani" ya Waromania, wanaozungumziwa ni hawa watu wa nyika, sio watu wa Shiraz na Isfahan.

Waajemi wenyewe walifika, lakini walipita tu. Karibu mwaka 513 KK Dario, yule yule anayetajwa kwenye kitabu cha Ezra kuhusu ujenzi wa hekalu, alivuka mto Danube na jeshi lake kuwafuata Waskithi. Njiani aliwashinda Wagete waliokaa karibu na mto huo, ambao mwanahistoria Mgiriki Herodoto anawasifu kuwa ndio mashujaa na waadilifu kuliko Wathrakia wote, watu wa kale wa Balkani. Waskithi hawakusimama kupigana, walirudi nyuma tu huku wakichoma malisho, mpaka Dario akachoka akageuza. Hakuacha koloni wala kizazi cha kuhesabika.

Herodoto huyo huyo ana kitu kingine ambacho mimi nakipenda sana na nashangaa wanaoeneza nadharia hii hawakitumii. Anasema ng'ambo ya Danube kuna watu anaowajua kwa jina moja tu, Wasigini, wanavaa kama Wamedi wa Iran, na farasi wao ni wafupi, pua bapa, manyoya marefu kama upana wa vidole vitano mwili mzima, hawawezi kubeba mtu ila ukiwafunga kwenye gari wanakimbia balaa. Halafu anaongeza kwamba Wasigini wanasema wao ni walowezi waliotoka Umedi, na yeye hawezi kueleza imekuwaje, japo kwa muda mrefu lolote linaweza kutokea. Yaani mjadala huu una karibu miaka 2,500, na mtu wa kwanza kuuandika aliacha mlango wazi bila kukubali wala kukataa. Wengi leo hawana subira hiyo.

Kuna pia Waagathirsi waliokaa kwenye bonde la mto Mureș, Transylvania, eneo la katikati ya Romania ya leo. Herodoto anasema walipenda sana kuvaa dhahabu, na desturi zao zingine zilifanana na za Wathrakia. Watafiti wengi wanawaona kama kundi lenye asili ya nyika ya Kiskithi lililochanganyika na wenyeji mpaka likamezwa nao. Mtindo huu tutauona tena na tena, wageni wanaingia na farasi zao, vizazi kadhaa vinapita, wanaoa, wanazikana na wenyeji, lugha inapotea.

Wasarmati ndo walioacha picha nzuri zaidi. Mwaka 8 BK kaisari Augusto alimfukuza Roma mshairi Ovid na kumpeleka Tomis, mji ambao leo ni Constanța kwenye pwani ya Romania. Mle kwenye mashairi yake analalamika kuhusu baridi, mvinyo unaganda mpaka ukitolewa mtungini unabaki na umbo la mtungi, Danube inakuwa barafu na ng'ombe wanavuta mikokoteni ya Wasarmati juu yake. Anasema mwenyewe amejifunza kuongea Kigete na Kisarmati. Ni kweli alikuwa anaomba msamaha arudi nyumbani kwa hiyo alikuwa na sababu ya kukuza mambo, lakini lugha mbili kazitaja mbalimbali, na hilo ni muhimu sana kwetu: mtu aliyeishi pale aliona Wagete na Wasarmati ni watu wawili, sio mmoja.

Miaka mia moja baadaye kaisari Trajan alipigana na Wadaki, jamaa wa karibu wa hao Wagete, vita viwili, 101 hadi 102 na 105 hadi 106, na mfalme wao Decebalus alikuwa na wapanda farasi wa Kisarmati upande wake. Kwenye nguzo ya Trajan iliyozinduliwa Roma mwaka 113 wamechongwa wakikimbia, mtu na farasi wote wamefunikwa magamba mpaka miguuni kama samaki, inaonekana fundi hakuwahi kuyaona yenyewe. Jinsi magamba hayo yalivyotengenezwa tunaambiwa na Mgiriki mwingine, Pausanias, aliyeliona vazi moja limehifadhiwa hekaluni Athens. Anasema Wasarmati wanakusanya kwato za farasi, wanazisafisha, wanazipasua vipande vipande vinavyofanana na magamba ya nyoka, halafu wanazitoboa na kuzishona kwa mishipa ya farasi na ng'ombe, zinapangana mithili ya tunda la msonobari likiwa bado bichi. Na anasisitiza kazi hiyo ni nadhifu, haina tofauti na ya Wagiriki, na inazuia mshale na mkuki. Mimi huwa nawaambia wanafunzi kwamba watu wanaoweza kufanya ufundi huo sio "washenzi" kama walivyoandikwa.

Kwenye nguzo hiyo hiyo Wadaki wenyewe wanaonekana wameshika bendera ya ajabu, kichwa cha mbwa mwitu cha chuma na mwili wa kitambaa kama joka, upepo ukiingia mdomoni inajaa. Bendera ya aina hii waandishi wa kale wanaihusisha pia na watu wa nyika, na Warumi wakaja kuichukua wakaitumia wenyewe. Hapa wapenzi wa nadharia wanaruka juu, "si mnaona, Wadaki ni Wairani!" Hapana jamani. Warumi nao waliibeba, je walikuwa Wairani? Kofia ya dhahabu ya Coțofenești, ile iliyoibiwa Januari 2025 kwenye makumbusho ya Drents kule Uholanzi ikiwa kwenye maonyesho, ina picha ya mtu anamchinja kondoo dume, na wanyama wa ajabu wenye mtindo unaokumbusha sanaa ya Uajemi. Fundi anaweza kuiga mtindo uliovuka mipaka mingi bila babu yake kuvuka hata mmoja.

Tuje kwenye lugha. Kiromania ni mtoto wa Kilatini, hilo halina ubishi wa maana, sarufi yake na maneno yake ya msingi kabisa yametoka huko, juu yake kuna tabaka kubwa la Kislavi, na chini kuna maneno ya kale ambayo mengi yanafanana na ya Kialbania. Kiirani kipo, lakini ukikichunguza unakuta kimeingia kwa mlango wa wengine. Neno dușman, adui, ni la Kiajemi lakini Waturuki ndo waliolileta. Pilaf nayo ni safari hiyo hiyo, na ni chakula kile kile ambacho sisi pwani tunakiita pilau, kwa hiyo mezani Mromania na mtu wa Mombasa wana deni moja kwa Waajemi bila undugu wowote wa damu.

Mito ndo inasema zaidi. Wanaisimu wengi wanaona majina ya Don, Dnieper na Dniester yana mzizi wa Kiirani wa kale wenye maana ya mto, na kwa Kiosetia mpaka leo "don" ni maji. Jina la Danube nalo ni la ukoo huo, ingawa wapo wanaolihesabu la Kiselti. Mto Prut, unaotenganisha Romania na Moldova, Herodoto anasema Waskithi waliuita Porata. Majina ya mito huwa yanadumu hata watu wakibadilika mara tano, ndo maana yanathibitisha kwamba waliowahi kuwepo walikuwepo, lakini hayasemi kwamba walioko leo ni watoto wao.

Basi DNA inasemaje? Hapa wasomaji wa pwani yetu wana mfano wa kujivunia. Miaka mingi habari za Washirazi kwenye simulizi za Kilwa wasomi wengi waliziona ni za kujipa hadhi tu. Machi 2023 jarida la Nature likatoa utafiti wa mabaki ya watu 80 kutoka miji kama Mtwapa, Manda na Songo Mnara, ikaonekana kuanzia karibu mwaka 1000 BK wanawake wa Kiafrika walizaa na wanaume waliotoka Asia, wengi wao Waajemi. Simulizi ilikuwa na ukweli, na wakati huo huo akina mama waliojenga jamii hiyo walikuwa Waafrika na lugha ikabaki ya Kibantu.

Njia ile ile ya utafiti ikitumika Balkani jibu linakuja tofauti. Desemba 2023 jarida la Cell lilitoa utafiti wa watu 136 wa kale wa eneo hilo. Ikaonekana kati ya mwaka 250 na 550 BK walikuwepo wageni wenye damu ya Ulaya ya kati na kaskazini iliyochanganyika na ya nyika, na baadaye uhamiaji wa Waslavi ukachangia kati ya asilimia 30 na 60 ya asili ya watu wa Balkani wa leo. Mwaka 2025 ukatoka mwingine wa watu 156 wa kipindi cha Wasarmati kwenye bonde la Carpathia, yaani Hungaria na jirani zake, na hao ikaonekana kweli walitokana na Wasarmati wa nyika za Ural na Kazakhstan. Lakini hao ni watu wa wakati ule waliozikwa kwenye maeneo ya Wasarmati, sio Mromania wa leo, aliyekuja baada ya Wagothi, Waslavi, Wakumani na wengine wote kupita hapo.

Na tafadhali, ukipima DNA kwa zile kampuni za mtandaoni au ukasoma jedwali ukakuta "nyika" au "Irani", usikimbilie hitimisho. Damu ya nyika iliingia Ulaya karibu miaka 5,000 iliyopita na wafugaji tunaowaita Yamnaya, kabla lugha za Kiirani hazijajitenga, na karibu kila Mzungu anayo. Na "Irani" ya kwenye majedwali mara nyingi ni wakulima wa milima ya Zagros wa miaka 10,000 hivi iliyopita, ambao nao hawakuwa wanaongea Kiirani. Ni majina ya watafiti tu.

Kwa nini basi wazo hili lina mvuto? Romania imekuwa na mvutano mrefu na Hungaria kuhusu nani alitangulia Transylvania, kwa hiyo kila asili ya kale ina thamani ya kisiasa. Mwaka 1980 serikali ya Ceaușescu, mtawala wa kikomunisti wa Romania, ilisherehekea miaka 2,050 ya dola la Wadaki kwa mbwembwe kubwa, na toka hapo mlango wa kutafuta mababu wa kale zaidi na wakubwa zaidi haujafungwa. Inanisikitisha, kwa sababu historia halisi ya nchi ile ni tajiri kiasi kwamba haihitaji kuongezewa. Na kumbuka kaisari Marcus Aurelius alipeleka wapanda farasi 5,500 wa Kisarmati Uingereza mwaka 175, na Waalani walivuka na Wavandali mpaka Tunisia, mfalme wao Carthage akajiita mfalme wa Wavandali na Waalani, lakini hamna anayedai Waingereza na Watunisia ni Wairani.

Anayetaka kuona alama yenyewe ya Kiirani kwa macho aende Iași, jiji kubwa la kaskazini mashariki karibu na huo mto Prut. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jina lake linatokana na Wayasi, tawi la Waalani waliohamia magharibi, na Wahungaria wanaliita Jászvásár, soko la Wayasi. Ndugu zao walioingia Hungaria walidumu na lugha yao kwa muda, na mwaka 1957 ilipatikana kwenye nyaraka karatasi ya mwaka 1422 yenye maneno yao kama 40 hivi, mengi ya vyakula na mifugo, na salamu ya "daban horz", siku njema. Waosetia wa Caucasus wanasalimiana hivyo hivyo mpaka leo, "dæ bon xorz". Ukiwasalimia hivyo watu wa Iași wenyewe hawatakuelewa, watakujibu "bună ziua", ambayo ni Kilatini kitupu.