MEWAKA: mwalimu wa ajira mpya anajifunza nini akiwa tayari kazini?

MEWAKA ni kifupi cha Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Ni utaratibu wa Tanzania unaomtaka mwalimu aliyekwisha kuajiriwa aendelee kujifunza kazi yake palepale shuleni anapofundisha, akiwa na walimu wenzake. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ni miongoni mwa wanaousimamia.

Wengi huuchanganya na mafunzo elekezi. Hayo hupewa mwajiriwa mpya anaporipoti: maadili ya utumishi, likizo, mshahara, taratibu za kipindi cha majaribio cha miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini. Ni ya lazima, lakini hayamwambii afanye nini mbele ya wanafunzi tisini wasiomwelewa. Chuoni nako alisoma mafunzo tarajali, yaani ya kabla ya ajira, na kwenda BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni), akafundisha wiki kadhaa huku msimamizi akipita kumkagua. Pengo kati ya BTP na darasa lake mwenyewe ni pana mno, na hapo ndipo MEWAKA inapohitajika.

Moyo wake ni jumuiya ya ujifunzaji, ambayo walimu huiita JzU. Walimu wa somo moja, au wa madarasa yanayokaribiana, hukutana kwa ratiba ya shule na kujadili mada tata.

Tuchukue mada ya sehemu katika Hisabati. Mwalimu mpya anaona watoto wengi wameandika kuwa robo ni kubwa kuliko theluthi. Amewasahihisha, amerudia kanuni, na zoezi linalofuata wamekosa vilevile. Akileta madaftari kwenye JzU, wenzake wataona upesi kwamba watoto hawajazembea: wanajua 4 ni kubwa kuliko 3, wakadhani na sehemu zinakwenda hivyo hivyo. Basi wanapanga somo pamoja. Kila mtoto apewe vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa, kimoja akikunje kipate sehemu tatu sawa, kingine sehemu nne sawa, kisha alinganishe. Mmoja wao anafundisha, wengine wanakaa nyuma wakiwatazama watoto: nani amekunja vipande visivyolingana, nani ananakili kwa jirani, nani ameng'amua. Baada ya kipindi wanarudi mezani kurekebisha andalio la somo. Mwalimu aliyekaa miaka ishirini kazini naye hupata jambo hapo, na mgeni hugundua kwamba hata wakongwe mada hiyo huwasumbua.

Tangu Januari 2024 mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika, wakongwe na wageni wamejikuta wote wakijifunza. Kijana aliyetoka chuoni ana cha kutoa pia, hasa kwenye TEHAMA.

Nje ya shule kuna vituo vya walimu, ambako walimu wa shule jirani hukutana. Hivi huwafaa sana wale walio peke yao katika somo lao. Ipo pia mifumo ya mtandaoni yenye moduli za kujisomea kwa simu au kompyuta, inayotegemea bando na mtandao wa mahali ulipo.

Kinachoiua MEWAKA, kwa maoni yangu, ni mambo mawili. La kwanza ni kukutana ili muhtasari uingie kwenye faili, Afisa Elimu Kata akija aukute. La pili ni baya zaidi: kutazamana darasani kukigeuzwa ukaguzi. Mwalimu aliye kwenye majaribio akihisi kwamba udhaifu anaousema kwenye JzU utamfikia anayeandika taarifa yake, ataleta mada anayoiweza na kuficha inayomtoa jasho. Mwalimu Mkuu anayetaka jambo hili lifanye kazi awatangazie walimu wazi kwamba yanayosemwa kwenye JzU hayaingii kwenye tathmini ya mtu, na yeye mwenyewe awe wa kwanza kufundisha huku wenzake wakimtazama.

Wewe uliyeripoti juzi, uliza ratiba ya JzU wiki ya kwanza. Kama haipo, wawili wanatosha kuanza: wewe na jirani wa darasa lako. Nenda na madaftari matano au sita yenye makosa yanayofanana, kwa sababu mazungumzo juu ya daftari lililo mezani huenda mbali kuliko malalamiko kwamba "watoto wa siku hizi hawasomi".