Maji ya Pwani Si Dawa ya Samaki Aliyeruka Tangini

Ijumaa iliyopita, nikijitayarisha kwenda msikitini, kijana wa miaka kama kumi na miwili alinijia mbio na ndoo kutoka Malindi, hapa mjini Unguja. Ndani mlikuwa na samaki wa dhahabu aliyelala ubavu, magamba ya upande mmoja yamebanduka, mdomo wazi. "Ami, karuka usiku. Tumemkuta asubuhi chini ya kabati. Bibi kaniambia nimtilie nusu maji ya tangi, nusu maji ya pwani, jeraha likauke."

Huyo alikuwa wa nne mwezi huu. Kazi yangu ni kuunda na kutunza matangi ya samaki wa mapambo hapa mjini, majumbani na mahotelini, na imani hii ya maji ya pwani nimeikuta Kikwajuni, nimeikuta Jang'ombe, nimeikuta kwa watu waliosoma na wasiosoma. Naelewa inakotoka. Sote tulipokuwa wadogo, ukikwaruzika goti unaambiwa kaoge pwani, na kidonda kinafunga. Lakini mtoto ana ngozi isiyopitisha maji na anapumua kwa mapafu. Samaki anapumulia ndani ya hayo hayo maji unayomtilia, na aliyeruka tangini ngozi yake imechubuka.

Damu ya samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi kama huyu wa dhahabu, ina chumvi takriban gramu 9 kwa lita. Maji ya tangini hayafikii hata gramu 1. Maji hufuata chumvi ilipo nyingi, kwa hiyo mchana na usiku yanamwingia samaki kupitia matamvua na ngozi, hata akiwa mzima wa afya. Ni dau linalovuja tangu limeshushwa majini. Figo ndiyo upo wake, ile kata ya kutolea maji chomboni: inafua maji bila kupumzika na kuyatoa kwa mkojo mwingi mwepesi. Magamba na ule ute unaoteleza mkononi ndiyo kalafati, ile pamba inayoziba nyufa za dau. Samaki akianguka sakafuni akagaagaa kwenye saruji, kalafati imetoka. Maji yanaingia kwa kasi, chumvi za mwilini zinatoka, na figo inazidiwa.

Hapo ndipo chumvi kidogo inaposaidia. Ukitia gramu 1 hadi 3 kwa lita, tofauti baina ya damu na maji inapungua, na samaki anapata nafasi ya kupumzika huku ngozi ikijifunga. Kazi ya chumvi kwa jeraha hili ni hiyo: kumpunguzia kufua maji. Haikaushi kidonda, na wala kidonda cha samaki hakitakiwi kikauke.

Maji ya bahari yana gramu kama 35 kwa lita, karibu mara nne ya damu yake. Ukimtia humo mambo yanageuka: sasa maji ndiyo yanayotoka mwilini mwake, na figo iliyoumbwa kutoa maji haijui kuyazuia. Hata nusu kwa nusu, kama alivyofanya yule kijana, ni gramu 17, bado ni karibu mara mbili ya damu. Samaki aliyekwisha kauka sakafuni anakaushwa mara ya pili, safari hii ndani ya ndoo, na wenyewe wanamtazama wakidhani anatibiwa. Hilo ndilo linaloniuma. Wengi wa hawa samaki wangepona kwa maji yale yale ya tangi lao.

Kila nikisema hivi hutokea mtu akaniambia moli wake, samaki mwengine mdogo wa mapambo, alitiwa maji ya pwani akapona. Ni kweli, moli ataishi. Moli kwa asili huishi mpaka kwenye midomo ya mito na huweza kuzoeshwa maji ya bahari kabisa. Mwatiko naye hufugwa kwenye mabwawa ya maji ya bahari hapa Unguja na Pemba, na anavumilia mabadiliko makubwa ya chumvi. Samaki wa dhahabu si moli wala si mwatiko. Tetra na wale kambare wadogo wanaotambaa chini ya tangi wana uvumilivu mdogo zaidi. Kwa kambare hao mimi sivuki gramu 1 kwa lita.

Mwengine alinijia na hesabu: lita moja ya maji ya bahari ndani ya lita 19 za maji ya tangi haifikii gramu 2, kwa nini basi isitumike? Hesabu yake ni sahihi. Maji ndiyo mabaya. Pwani ya mjini, Malindi mpaka Forodhani, inapokea maji machafu ya mji na mafuta ya maboti, na baharini kuna bakteria wa aina ya vibrio wanaopenda vidonda. Chumvi ya mawe ya dukani ni rahisi na unajua unachotia. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 5 au 6. Kijiko kimoja kwa lita 5 za maji kinatosha kuanzia. Iyeyushe kwanza pembeni katika kopo la maji ya tangi, kisha uitie taratibu kwa muda wa saa nzima. Usimnyunyizie chembe juu ya mwili. Na hii chumvi ya mezani yenye madini joto, ambayo watu wanaiogopa, kwa kiwango hicho haimdhuru.

Wapo pia waliosikia kwamba wafugaji huchovya samaki kwenye maji ya chumvi kali. Huchovya, kwa dakika chache, saa mkononi, kuwatoa vimelea juu ya samaki ambaye ngozi yake ni nzima. Aliyechubuka hachovywi.

Jambo la pili linaloniudhi ni mafuta ya karafuu. Kwetu karafuu ni dawa ya jino, na mafuta yanapatikana tangu kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, pale Wawi Pemba mpaka vichupa vya sokoni Darajani, basi mtu anaona akimpaka samaki kwenye jeraha atampunguzia maumivu. Yujinoli iliyomo ndani ya mafuta hayo ni dawa ya usingizi kwa samaki, na wataalamu huitumia hivyo hasa: kiasi cha miligramu 40 hadi 60 kwa lita humlaza samaki akapimwa au akashonwa. Kikizidi, pumzi inapungua mpaka inasimama. Samaki aliyetoka sakafuni anahitaji kila pumzi aliyonayo, na wewe unamlaza. Mafuta ya karafuu nyumbani kwangu yana kazi moja, ya samaki aliyevunjika uti wa mgongo, asiyeweza tena kukaa wima wala kula. Huyo namlaza kwa kipimo kikubwa ili asiteseke. Yasikaribie beseni la mgonjwa anayepona.

Kuna na ushauri mwengine ninaousikia kwa watu. "Amekauka kama ng'onda, mtupe." Usimtupe kabla ya kumtia majini. Nimeona beta na gurami, ambao wana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, wakirudi baada ya muda ambao mtu hangeamini, hasa siku za masika hewa inapokuwa na unyevu. Mrudishe kwenye maji ya tangi lake, mshikilie wima, kisha mlaze kidogo upande. Jicho la samaki aliye hai hujaribu kubaki sawa wakati mwili unapinda. La aliyekufa huenda na mwili kama kifungo kilichoshonwa. Tazama na kifuniko cha tamvua: kikitikisika hata mara moja kwa dakika, una kazi ya kufanya. Mpe nusu saa.

"Msukume mbele na nyuma majini apate hewa." Maji huingia kwa mdomo na kutokea kwenye matamvua, njia moja. Ukimvuta nyuma unayapitisha kinyume. Mwelekeze uso kwenye maji yanayotoka kwenye chujio, au mweke karibu na jiwe la hewa, lile la pampu linalotoa mapovu, na umwache. Umeme ukikatika, chota maji kwa kata na uyamimine kutoka juu, mara kwa mara. Maji yetu ni ya joto, na kwa nyuzi 30 lita moja hubeba kama miligramu 7.5 tu za oksijeni, kwa hiyo huku kuyatibua si jambo la ziada.

"Mfute vumbi kwa kitambaa." Ute uliobaki ndio kinga yake ya mwisho, na wewe unaufuta kwa kitenge. Lowesha mikono, mchote, msuuze ndani ya kopo la maji ya tangi. Uzi wa zulia uliokwama kwenye pezi uache ulainike ndani ya maji, utatoka wenyewe.

"Mbadilishie maji yote, mapya ya mfereji." Kama yametiwa klorini, hayo yanaunguza matamvua yaliyokwisha kuumia. Yaache yakae wazi siku nzima kwenye ndoo na jiwe la hewa kabla ya kuyatumia, na badilisha robo tu.

"Mtie unga wa rangi mbili." Watu hufungua vidonge vya tetrasaiklini, antibayotiki ile ya rangi mbili, vilivyobaki nyumbani. Maji yetu yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yamejaa kalisi, madini ya chokaa, na kalisi huifunga tetrasaiklini ikawa haina nguvu. Kinachobaki kinawagusa bakteria wazuri wa chujio. Antibayotiki ni ya jeraha lililoanza kuwa jekundu na kusambaa, tena kwa kipimo cha anayejua.

"Mpe chakula apate nguvu." Siku ya kwanza asile. Samaki mzima anaweza kukaa siku kadhaa bila kula, na chakula kilichozama kinageuka amonia, ambayo kwenye maji ya joto na yenye alkali kama yetu ina sumu kali zaidi.

Ninachofanya mimi ni kidogo mno mpaka watu wanadhani nawaficha kitu. Beseni au ndoo ya lita 20, maji ya tangi lake, jiwe la hewa linalotoa mapovu madogo, chumvi kwa kipimo nilichotaja, na khanga juu yake kumtilia kiza. Kiza kinamtuliza. Halafu natia jani moja kavu la mkungu, ule mti wa kungu, lile lililoanguka lenyewe likawa la hudhurungi, nikiwa nimelisuuza. Mkungu uko kila mahali hapa, bure, na watu wanaagiza majani haya haya kwa fedha nchi za mbali. Linatia maji rangi ya chai, na tanini yake inazuia baadhi ya bakteria na kuvu. Wenzangu wengine wanasema nalipenda jani hili kupita kiasi. Nitaendelea kulipenda.

Kila siku nabadilisha robo ya maji, kwa sababu beseni halina chujio, na nayarudishia chumvi ya robo hiyo tu, siyo ya beseni zima. Natafuta pamba nyeupe kwenye jeraha, ambayo ni kuvu, na michirizi myekundu kwenye mapezi. Jicho lililoingia ukungu kwa kukauka au kugongwa mara nyingi husafika kwa siku chache mpaka wiki mbili tatu. Pezi lililochanika huota tena kama shina lake lipo. Magamba hurudi kwa wiki kadhaa, wakati mwengine yakiwa na rangi tofauti kidogo.

Na kuna wanaoniambia samaki karuka kwa kijicho cha mgeni aliyemsifu. Mimi huuliza kwanza maji yamebadilishwa lini, nani mpya kaingizwa tangini, nani anamfukuza nani, na taa inazimwa vipi. Taa ikizimwa ghafla samaki hushtuka. Amonia na upungufu wa hewa humfanya atafute pa kutokea. Na wako wanaoruka kwa maumbile yao tu, hata tangi likiwa safi kama kioo cha bibi harusi. Wote hao dawa yao ni kifuniko: kipande cha chandarua kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, hewa inapita, samaki hapiti, na tundu la waya wa pampu lisizidi unene wa waya.

Samaki wa yule kijana nilimpunguzia chumvi kidogo kidogo kwa muda wa saa mbili. Jumapili alianza kukaa wima, Jumanne alikula. Bado yumo beseni chini ya khanga. Nimemwambia kijana asije kumchukua mpaka aniletee vipimo vya mdomo wa tangi lao, urefu na upana, nimpe seremala akate fremu.