Je, wajua faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga, hupimaje daraja lililorefuka kwa mikromita chache?

Lori zito likipita darajani, nguzo zilizolala chini ya barabara hupinda kidogo na upande wake wa chini hurefuka. Tuseme zimerefuka mikromita 10 kwa kila mita, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Jicho halioni kitu, lakini uzi wa kioo uliogandishwa kwa gundi kwenye nguzo huhisi.

Katikati ya uzi huo kuna kiini chenye upana wa mikromita 9 hivi, mwanga unamopita. Kwa miale ya urujuanimno, wataalamu huchora humo milia iliyoachana kwa takriban nusu mikromita. Sentimita moja tu hubeba milia karibu 19,000! Kila mlia hurudisha mwanga kidogo tu, na mawimbi yanayorudi mara nyingi huuana yenyewe kwa yenyewe. Ila kwa rangi moja maalumu, yaani urefu mmoja wa wimbi la mwanga, yote hupanda na kushuka kwa pamoja. Rangi hiyo hurudi kwa nguvu, zilizobaki huendelea na safari.

Uzi ukivutwa, milia huachana zaidi na rangi inayorudi hubadilika. Ukitumia mwanga wenye wimbi la urefu wa nanomita 1,550, ule ule usioonekana unaotuletea intaneti, lori letu litaisogeza rangi kwa nanomita 0.012 hivi. Vifaa vya kusoma badiliko dogo hivyo vipo.

Kazi ngumu ni jua. Joto likipanda nyuzi 1 tu ya Selsiasi, rangi husogea kwa nanomita 0.01 hivi, karibu sawa na lori zima! Ndiyo maana kando huwekwa kihisi cha pili chenye milia kama hiyo, kisichogandishwa kwenye nguzo, kinachohisi joto peke yake, kisha usomaji wake hutolewa kwenye ule wa kwanza. Ukiona vipimo vya daraja visivyotaja joto, usiviamini.

Uzi mmoja hubeba vihisi vingi, kila kimoja na rangi yake, na kwa kuwa umeme haupiti humo, nyaya za umeme mkubwa zilizo jirani haziuvurugi.

Milia hii iligunduliwa na Ken Hill na wenzake mjini Ottawa, Kanada, mwaka 1978: walipitisha leza kwenye faiba, wakaona mwanga unaorudi unazidi kuongezeka. Mwaka 1993, huko Calgary, vihisi vya aina hii viliwekwa kwenye daraja la Beddington Trail, lililokazwa kwa kamba za nyuzi za kaboni badala ya chuma pekee. Kamba hizo zilikuwa ngeni, na wahandisi walitaka kujua kama zingelegea kadiri miaka inavyopita.